Notisi ya Siku Tano

Neno lenyewe lilikuwa notisi, na lilitoka kwenye simu iliyolala juu ya meza ya jikoni, spika wazi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa unga wa chapati. Vita vya Ukraine vilikuwa na siku nne tangu vianze. Mwanangu alisema, "Ma, they've put us on notice. Five days." Kabla sijapata la kujibu, mume wangu alishasimama mlangoni, kikombe mkononi, uso umemkunjika.

"Notisi? Kapewa notisi?"

Nikasema ndiyo. Ndiyo moja tu. Nimeifikiria sana ndiyo ile, na kila nikiifikiria naona mambo kumi mengine ambayo ningeweza kuyasema badala yake. Mwanangu kule upande wa pili alikuwa ameisikia sauti ya baba yake na jibu langu, naye si mjinga. "Yeah, Baba," akasema. "Notice."

"Masikini mwanangu," mume wangu akaiinamia simu, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. "Usihangaike wala usimbembeleze mtu. Njoo nyumbani. Chumba chako kipo."

Kwetu sisi, tuliozaliwa Pemba na tunaozeekea Ilford huku Uingereza, notisi ni kitu kimoja tu: barua ya mwenye nyumba anayetaka uhame. Tumepewa barua hizo mara nne tangu tuje mji huu, mara moja nikiwa na mimba ya miezi minane. Lakini katika jeshi la Uingereza, kikosi kikiwekwa kwenye notisi ya siku tano, maana yake mabegi yamefungwa, wosia umeandikwa, na amri ikitoka, siku tano zisipite kabla hawajaondoka. Mwanangu alikuwa askari. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa miaka mitatu, na baba yake alikuwa hajui.

Mume wangu si mtu wa hasira. Alikuwa fundi wa kutandika mazulia kabla mgongo haujamshinda, na anaweza kubishana na mtu juu ya mpira saa nzima wakaachana wanacheka. Lakini usimtajie askari. Zamani, wakati wa fujo za uchaguzi kule kwetu, askari waliingia nyumbani kwa wazazi wake, wakapanda na viatu vyao kwenye kitanda alicholala mama yake mgonjwa, wakipekua dari. Walikuwa wanamtafuta yeye. Siku tisa alilala kwenye mashamba ya mikarafuu, akavuka kwenda Kenya, na mwisho wa mambo akafika hapa. Hadi leo hawezi kumwona askari wa aina yoyote, hata wale wa farasi wanaopigwa picha na watalii, bila kuhamia upande wa pili wa barabara.

Mtoto alipokuwa na miaka kumi na minane alileta kijitabu cha jeshi kutoka skuli, akakiweka mezani kana kwamba amekisahau. Baba yake hakupiga kelele. Alikisoma ukurasa wa kwanza, akakifunga, akakirudisha mbele ya mtoto, akasema, "Nyumba hii askari haingii. Akiingia, mimi natoka." Jambo likaishia hapo, au sisi tulidhani limeishia hapo. Baada ya mwaka mtoto akatuambia amepata kazi ya kuendesha malori katika mji mmoja saa mbili kutoka hapa kwa treni, na kwamba amepanga chumba kwa mzungu mmoja mzee. Kuhusu malori hakusema uongo. Kuhusu mzungu mzee, huyo hakuwahi kuzaliwa.

Mimi nilijua kwa nguo. Alikuja Idi na begi la nguo chafu kama vijana wote, na chini kabisa, chini ya taulo, nikakuta suruali na shati la madoadoa ya rangi ya tope, na jina la ukoo wetu limeshonwa kifuani. Nililisoma jina lile mara mbili tatu. Kisha nikazifua. Nilizifua kwa sabuni nzuri, nikazikausha juu ya hita mume wangu alipokuwa msikitini, nikazipiga pasi, nikazirudisha chini ya taulo. Mwanangu alipolifungua begi lake huko alikokuwa, akaniandikia neno moja tu, "Thanks," na tangu siku ile tukawa wawili ndani ya siri.

Sasa rudi kwenye wiki zile za mwanzo wa vita.

Nilikuwa nafanya usafi katika jengo moja la serikali katikati ya mji. Jengo gani, haikuhusu. Tulikuwa tunaingia saa kumi na moja alfajiri, na fungu langu lilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye vyumba vya mikutano. Wengine walivijua vita kwa televisheni, mimi nilivijua kwa mapipa ya taka. Mwezi mzima kabla havijaanza, mapipa yalikuwa yanafurika: vikombe vya kahawa, maganda ya ndizi, visanduku vya mikate, karatasi zilizochorwa vinyago na watu waliochoshwa na hotuba. Nilifurahi kuuona uchafu ule. Watu wanaozungumza wanakula, na wanaokula hawajakata tamaa.

Halafu wiki ile mapipa yakawa matupu. Si kwamba watu hawakuwepo. Nilikuwa nikigusa kiti ili nikisogeze, nakikuta kina joto. Viti kumi na viwili kuzunguka meza, vyote vimerudishwa nyuma kwa umbali ule ule, vyote vina joto, na hakuna mtu, hakuna kikombe, hakuna hata ganda la peremende. Karatasi zote zilikuwa zinaingia kwenye mifuko inayofungwa kwa lakiri, ambayo sisi hatukuruhusiwa kuigusa. Taa za ukumbini huwaka zenyewe mtu anapopita. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kimya, nafungua chupa ya dawa, nikaona taa za mwisho wa ukumbi zinawaka, kisha zinazofuata, kisha zinazofuata, zinakuja kwangu, na ukumbini hamna mtu. Nikasoma Ayatul Kursi. Zilifika hatua kumi kutoka nilipo, zikasimama, zikazimika. Mwenzangu wa Ghana aliniambia ni hitilafu ya umeme. Nikamwambia na iwe hivyo, lakini upande ule kesho utafagia wewe.

Siku nyingine nilifungua chumba kidogo nikakuta maiti. Imelala sakafuni kati ya meza mbili, imefunikwa koti kuanzia kichwani, viatu vimepangwa pembeni. Nikasema inna lillahi kwa sauti. Maiti ikaketi, ikajifunua, kijana wa miaka thelathini na tai shingoni, akaniomba samahani. Nami nikamwomba samahani. Tulibaki tunatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilitaka kumwuliza jambo moja tu: akina mwanangu watakwenda au hawatakwenda? Sikumwuliza. Nilichukua pipa lake, ambalo halikuwa na kitu, nikatoka nalo.

Supavaiza akaniongezea kazi. Chumba kikubwa kilikuwa kinasubiri wageni, mabalozi au wajumbe, hakuna aliyetuambia ni wa wapi, na mimi nikapewa kupanga glasi. Glasi kumi na mbili, zimefunikwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, na majagi mawili ya maji. Kesho yake nikakuta glasi kumi na mbili kifudifudi kama nilivyoziacha na majagi yamejaa maji mpaka shingoni. Nikaambiwa nimwage, nipange upya. Siku ya tatu vivyo hivyo, na ya nne. Nilianza kuichukia kazi ile. Nilikuwa nikimaliza kupanga natoka kinyumenyume, maana sikupenda kukipa mgongo chumba kilichoandaliwa watu ambao hawaji.

Na nyumbani nako nilikuta maandalizi.

Chumba ambacho mume wangu alisema kipo hakikuwepo. Kilikuwa stoo: cherehani yangu, mabaki ya mazulia, vitu tunavyokusanya kutuma nyumbani. Yeye na mgongo wake alikihamisha chote kwa siku moja. Akatandika zulia jipya, kipande kizuri cha kijani alichokuwa amekificha miaka mingi, akakifikisha kwenye kona bila mwanya hata wa kupitisha kisu. Akanunua taulo, mswaki, ndara. Akanunua koti jeusi la baridi, akalitundika kwenye msumari wa ukumbini, mkabala wa mlango wa chumba. Nikipita ukumbini namwona mtu amesimama kwenye kiza ananitazama. Mara ya kwanza nilipiga yowe, na mume wangu akacheka mpaka akakohoa.

"Unamwogopa mwanao?" akaniuliza.

Kila jioni aliwasha hita ya chumba kile, ati kisishike baridi. Mabomba yakipata moto yanagonga, na mbao za chini ya zulia zinalia, moja baada ya nyingine, kutoka dirishani mpaka kitandani. Nikikaa sebuleni namsikia mtu anatembea. Nilijua ni mbao. Hata hivyo nilikuwa nikipunguza sauti ya televisheni nisikilize vizuri anakwenda wapi.

Kwenye televisheni mawaziri walikuwa wanashikana mikono, wanapanda ndege, wanashuka, wanashikana tena. Mume wangu aliwapenda. "Madhali wanazungumza," alikuwa akisema. Picha za watu wa Ukraine zikionyeshwa, wamejazana kwenye vituo vya treni na masanduku na paka zao, alikuwa akitikisa kichwa. "Na hawa nao wamepewa notisi," akasema siku moja, na nikalazimika kuinuka kwenda jikoni kuosha chungu kilichokuwa kisafi.

Siku ya sita baada ya simu ile ya kwanza mwanangu alipiga tena. Niliichukua simu nikajifungia chooni.

"It's two days now, Ma."

"Siku mbili za nini?"

"Notice. From five to two."

"Mnakwenda wapi?"

Akasema pengine Estonia, nchi ambayo nilikuwa sijapata kulitamka jina lake. Akasema hawaendi kupigana, wanakwenda kukaa tu mpakani ili waonekane. Nikamwuliza waonekane na nani. Akaliruka swali, akasema kwa Kiingereza kitu ambacho sikukitegemea: kwamba wenzake wote wamewaaga wazazi wao, na yeye hawezi kupanda gari la jeshi bila radhi ya baba yake. Mtoto huyu tulimsomesha Kurani kwa kumfukuza nyumba nzima, na Kiswahili anakisikia lakini kukijibu hataki. Radhi alilitamka kama linavyotamkwa. Nadhani alilisikia kwangu, maana nilimlea nalo: mtu hafungi safari bila radhi za wazazi, akifunga bila hizo safari hiyo ina kasoro. Nami naliamini hilo hadi leo, hata kama ninapanda treni ya Ilford na simu ya kisasa mkononi.

"Basi mwambie ukweli," nikasema.

"He'll leave, Ma. He said he'd leave."

Nilipotoka chooni mume wangu alikuwa ananisubiri. Alikuwa amesikia two days.

"Sasa siku mbili? Mwenye nyumba gani huyu? Sheria iko wapi? Nipe namba yake nimpigie mimi!"

"Mtoto hataki ugomvi."

"Ugomvi gani? Mtu hatupwi nje kwa siku mbili katika nchi hii, hata mbwa hatupwi. Nipe namba."

Nikamwambia mzungu yule mgonjwa, nyumba inauzwa, watoto wake ndio wakorofi. Sijui nilikuwa nayatoa wapi. Nimekuwa mama wa nyumba miaka thelathini, na katika wiki moja nikageuka balozi wa pande mbili zisizoonana, ninabeba maneno ya huku na ya kule, na njiani ninayabadilisha. Niliona aibu, na niseme ukweli, nilijiona hodari pia.

Mwanangu alikuja Jumamosi mchana, na begi dogo la mgongoni. Kichwa amenyoa. Alimbusu baba yake mkono, akanibusu mimi, akasimama ukumbini akilitazama koti lile.

"Lako," baba yake akasema. "Mizigo mingine iko wapi?"

"Later, Baba. Itakuja."

Nilikuwa nimepika wali na mchuzi wa pweza, na alikula sahani mbili, haraka, kichwa chini. Baba yake akamchukua kumwonyesha chumba. Nilisikia anamweleza habari za zulia, kona kwa kona, na namna dirisha linavyofungwa. Nilikwenda na sinia la chai. Nilipofika mlangoni mwanangu alikuwa amepiga magoti juu ya zulia la kijani.

"Baba," akasema. "Naomba radhi."

Mume wangu alicheka. Alicheka kwa mapenzi. "Radhi ya nini? Kwani kupewa notisi ni dhambi? Mimi nimepewa mara nne, muulize mama yako." Lakini mtoto hakuinuka, na baba yake akadhani ni aibu ya kurudi kwa wazazi katika umri ule. Akamwekea mkono kichwani, juu ya nywele zilizonyolewa.

"Nimekuwia radhi, mwanangu," akasema. "Ya dunia na ya akhera. Ulichokifanya na ulichokiacha. Uendako na utokako."

Hakuna aliyemlazimisha aongeze maneno yale ya mwisho. Mwanangu aliinua macho akanitazama, si kwa furaha. Alikuwa na macho ya mtoto aliyechukua kitu dukani na hakuna aliyemwona. Nami nikaweka sinia chini, nikawauliza wanataka sukari ngapi, watu ambao nimewatilia sukari maisha yangu yote.

Aliondoka kabla ya magharibi. Alisema anakwenda kufunga mizigo, atarudi nayo Jumatatu. Baba yake akataka kuazima gari la rafiki yake wa msikitini amfuate, na tukasema hapana, wote wawili kwa pamoja, kwa haraka mno. Mume wangu akatutazama. Kisha akasema haya, Jumatatu.

Jumatatu aliwasha hita mapema. Alikaa dirishani sebuleni kuanzia adhuhuri, shati safi, akiitazama barabara. Jumanne vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kazini, kwenye glasi zangu kumi na mbili, namkuta mume wangu dirishani, na nyuma yake mbao zinalia kwenye chumba kitupu. Kila alipozisikia aligeuza kichwa kidogo, kisha akakirudisha. Nilimwambia mtoto ameshikwa na kazi. Nilimwambia treni zimegoma. Siku zile nilikuwa sijui hata kama mwanangu ameshafika, maana walikuwa wamekatazwa kupiga wala kupokea simu.

Jumatano saa nane mchana, mimi nikikata vitunguu, mume wangu aliichukua simu yake mwenyewe akampigia. Aliiweka sikioni. Nikaacha kukata.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho watu wasioishi mbali na kwao hawakijui. Simu ya hapa Uingereza ikiita, inaita mara mbili mbili, kwa haraka, kisha inapumzika. Ya nje haiiti hivyo. Ya nje inatoa mlio mmoja mrefu, kisha kimya, kisha mlio mrefu tena. Sisi tuliopiga simu nyumbani miaka ishirini, tuliosimama na sikio limebanwa tukiomba mtu apokee, tunaijua tofauti ile kuliko tunavyozijua sauti za majirani zetu. Ilinifikia kutoka sikioni kwake mpaka nilipokuwa nimesimama na kisu: mlio mmoja, mrefu. Kimya. Mlio mmoja, mrefu.

Hakuna aliyepokea. Mume wangu aliishusha simu, akaitazama, akahakikisha namba. Akapiga tena. Mlio mmoja, mrefu.

"Yuko nje," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Nikakiweka kisu chini.

"Mtoto yuko nje ya nchi. Mwanangu yuko wapi?"

Nilimwambia yote. Nilianza na suruali ya madoadoa nikaishia na Estonia, na nilipofika kwenye notisi, ile ya kwanza, ya siku ya unga, nikamwambia maana yake ya kweli. Alisikiliza amesimama. Nilingoja apige kelele, nilikuwa nazihitaji kelele zile. Badala yake alikwenda kwenye kile chumba, nikasikia anaizima hita, akarudi akasimama palepale alipokuwa.

"Umeniibia radhi yangu," akasema.

"Nimemchukulia mwanao!"

"Nimeitoa bila kujua naitoa kwa nini. Mtu akikwambia niwekee mkono hapa, nawe ukaweka, kumbe ni kwenye karatasi ya kuuzia nyumba yako. Hiyo ndiyo radhi mliyochukua."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama asingeapa viapo vyake mezani miaka ile, mtoto asingelazimika kupiga magoti kwa uongo. Nikamwambia askari waliopanda kitandani kwa mama yake si mwanangu, mwanangu anaendesha lori la chakula. Yalikuwa maneno ya kweli na sikupaswa kuyasema siku ile. Alivaa kofia akatoka. Nilikumbuka alivyoahidi: askari akiingia, mimi natoka. Nilikaa jikoni nikiwa na hakika kwamba nimewapoteza wote wawili mchana mmoja.

Alirudi baada ya isha. Hakusema alikuwa wapi. Siku tatu hakuongea nami zaidi ya salamu, ambayo si halali kuinyima. Chumba kile kikawa kimya kabisa, mbao hazikulia tena, na kimya kile kilinitisha zaidi kuliko nyayo zilivyonitisha. Nikajikuta napita ukumbini naligusa koti, nihakikishe ni koti.

Jumapili asubuhi simu yangu ikaita. Namba ndefu, sikuijua. Nilipoipokea nilisikia upepo kwanza, kisha mtoto akasema, "Ma." Nikamwuliza amekula, nikamwuliza baridi ikoje, nikamwuliza mambo yote yasiyo na maana. Mume wangu alikuwa mezani na chai yake. Nilimwona ameacha kunywa.

"Anajua," nikamwambia mwanangu. "Baba yako anajua."

Upepo ukavuma kule. Nilinyoosha mkono na simu juu ya meza, kama nilivyokuwa nikiwanyooshea vitu siku zote hizo. Nilidhani hataichukua. Aliichukua, akaiweka sikioni, na kwa kuwa spika ilikuwa wazi nilisikia yote.

"Baba," mtoto akasema. "Naomba radhi."

"Nilikwisha kukupa."

"Ile haikuwa..."

"Najua kwamba haikuwa. Ile ilikuwa ya kuhamia chumbani. Ya huko ulikokwenda sijakupa."

Mtoto akasema kwa sauti ya chini, "Please, Baba."

"Sikupi kwenye simu," mume wangu akasema. "Njoo uichukue hapa."

"I don't know when they'll let..."

"Sikukuuliza lini. Nimekwambia njoo uichukue hapa."

Nilimchukia. Kwa muda ule nilimchukia mume wangu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, mzee anayemnyima mtoto neno moja huku mtoto amesimama mpakani na vita viko upande wa pili. Nilinyoosha mkono nimpokonye simu, naye wakati huohuo alikuwa ananirudishia, na ndipo nikaona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka hata hakuweza kunilenga. Simu ikatuponyoka ikaanguka, ikateleza mpaka chini ya meza.

Tulipiga magoti wote wawili kuitafuta. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini mtoto bado alikuwepo. Alikuwa anapumua tu, karibu sana, na nyuma yake upepo. Mume wangu aliinama akaweka sikio kwenye sakafu kando ya simu, nami nikainama upande wa pili, tukabaki hivyo tukimsikiliza anavyopumua mpaka laini ikakatika.